Sinia Lililoachwa Barazani

Sinia lilirudi nyumbani kwetu Jumatano asubuhi, mama akiwa bado ameinama mbele ya mlango, akichora maua ya unga wa mchele juu ya ardhi iliyolowa. Mjomba Thavasi hakuyaruka maua. Aliyakanyaga kwa makubazi yake, akafika kizingitini, akalitua sinia chini kwa kishindo. Nazi ikabiringika mpaka kwenye ndoo.

"Kaka!" Mama aliinuka, unga ungali mikononi. "Kulikoni asubuhi yote hii? Wifi hajambo?"

"Leo ndiyo unamuulizia? Mkwe wako alikwisha kumuulizia tangu Jumapili. Alimuulizia kwa namna yake."

Nilitoka jikoni mikono ikinuka ukwaju. Nililijua sinia lile. Jumapili Kathiravan, mchumba wangu, alipita nalo kwetu kabla ya kulipeleka kwa mjomba, na mimi nilikuwa nimefuta tambuu zake jani moja moja kwa ncha ya sari yangu. Sasa majani yalikuwa yamekauka na kujikunja kama masikio ya mbuzi. Popoo zilikuwa pale pale. Manjano yalikuwa pale pale. Hakuna aliyegusa kitu.

Kwetu, mjomba ndiye mwenye neno la kwanza juu ya binti wa dada yake. Akiwa na mtoto wa kiume wa rika linalofaa, binti huyo ni wa mwanawe kabla hajawa wa mtu mwingine yeyote duniani. Anayemtaka sharti abebe sinia yeye mwenyewe, bila mshenga wala mama, alitoe kwa mikono miwili, na aseme: "Mjomba, niachie." Basi. Maneno mawili. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuyasema.

"Pechi, nikuulize," mjomba alimwambia mama. "Wewe umezika mume, mambo haya unayajua. Ni nyumba gani ambayo mtu huacha nje alichokileta, akaondoka bila kuaga?"

Mama alijipangusa unga mikononi.

"Sema!"

"Nyumba ya msiba," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Haya. Kila nyumba nyingine mtu husema, naenda nirudi. Hata mwuza chumvi husema. Msibani tu ndiko mtu hujiondokea kimya, maana nani anataka kurudi kwa jambo kama lile? Huyo mchumba wa mwanao aliliacha sinia barazani kwangu, juu ya saruji, kama mtu anayemwekea kunguru wali. Akaondoka. Tulimwona mgongo tu. Na jioni ile ile, taa hazijawashwa, wifi yako Annakkili akaanguka jikoni."

"Mungu wangu! Kaka, mbona hukunipigia simu?"

"Nikupigie nikwambie nini? Kwamba mkwe wako ametutangulizia rambirambi? Siku mbili tumelala hospitali Madurai. Moyo. Jana wameturuhusu, na daktari amesema asishtuliwe."

"Kijana ana haya, mjomba," nilisema. "Hakukusudia. Unamjua alivyo."

Mjomba alinigeukia. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Ndiye aliyekuwa akinichagulia embe lisilo na mdudu. Nilitegemea macho yake yalegee kama yalivyolegea siku zote, lakini hayakulegea.

"Haya ni za mwanamwali, mboni yangu. Mwanamume wa miaka thelathini akiwa na haya za namna hiyo, huo ni ugonjwa." Alifuta jasho shingoni. "Nimekwisha kutazama kalenda. Leo ni Jumatano, na wazee walisema dhahabu hupatikana, Jumatano haipatikani. Saa mbaya inaingia saa sita mchana. Kabla ya hapo shangazi yako atakuvika maua kichwani, uwe wa mwanangu Pandi kama ulivyokuwa tangu tumboni mwa mama yako. Mwanamke anaumwa. Anastahili kumwona mkwe wake."

"Na harusi ya wiki ijayo?"

"Harusi ipo. Bwana harusi ndiye amebadilika."

"Mjomba!"

"Mimi si dhalimu. Mlango wangu hauna komeo. Huyo bubu akitaka kujitetea, na aje aseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele yangu. Nampa mpaka saa sita. Pechi, mlete binti." Akayakanyaga maua tena, akaenda zake.

Mama aliokota nazi. Aliifuta, akairudisha kwenye sinia, akapanga popoo upya kana kwamba mpangilio ndio uliokosewa.

"Oga," aliniambia. "Vaa ile sari ya kijani."

"Mama, unanisikia? Mimi simtaki Pandi. Pandi alinisukuma kisimani nikiwa na miaka sita!"

"Na nani alikutoa? Si baba yake?" Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti yake haikutetemeka. "Baba yako alipokufa nani alitulisha miaka kumi na minne? Siku ya harusi nani atakushika mkono akupeleke mbele za watu? Mimi? Mjane hasogezwi hata karibu na moto wa harusi. Bila mjomba wewe huna harusi, Poongodi. Una mkosi tu uliovaa sari."

"Basi niache nimlete. Atasema."

"Nani? Kathiravan?" Mama alicheka huku analia. "Mwanangu, siku aliyokuja kukuona alimaliza kahawa nzima akiitazama sahani."

Nilikuwa nimekwisha kupanda baiskeli.

*

Ni kweli, siku ile aliitazama sahani. Shangazi zake walikula vyote tulivyopika, wakaniuliza kama najua kuimba, wakanitaka nitembee waone kama nachechemea, na yeye hakuinua macho. Wazee wakasema tupewe nafasi uani tuzungumze. Tulisimama karibu na zizi. Kimya. Nikajua huyu hanitaki. Kisha akamwona ndama wetu, yule aliyezaliwa na kwato iliyopinda, akachuchumaa, akaanza kuongea. Alimwambia ndama habari za kwato, jinsi ya kuifunga kila asubuhi, kwamba asiogope, kwamba atakimbia kama wenzake. Sauti ilikuwa nyororo kama samli. Aliposimama alinitazama mara moja tu, upesi, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Tazamo lile nimelilalia miezi mitano. Mwanamume anayemsemesha ndama hivyo, mkewe atamsemeshaje siku akizoea?

Nilimkuta kwenye banda la nyuma ya zahanati ya mifugo anakofanya kazi, shati amevua, mkono wa kulia umo ndani ya ng'ombe mpaka begani. Ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni. Bibi mmoja, mwenye ng'ombe, alikuwa ameshika pembe.

"Jumapili ulifanya nini kwa mjomba?"

Aligeuza kichwa, akaniona, akarudisha uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Hakuwa na pa kukimbilia. Kwa mara ya kwanza tangu tuchumbiane alikuwa amefungwa mahali.

"Nilipeleka sinia."

"Ulimpa nani?"

Alizidi kuusukuma mkono ndani.

"Nakuuliza wewe, daktari wa ng'ombe! Ulimpa nani mkononi?"

"Binti, gombana naye polepole," bibi alisema. "Ng'ombe wangu anashtuka."

"Nilisimama barazani," Kathir alisema mwishowe. Alikuwa anamwambia ng'ombe. "Walikuwa ndani wanakula. Nikasikia jina langu. Pandi alikuwa ananiigiza. Ninavyomeza mate kabla ya kusema. Alikuwa anaiga vizuri. Wakacheka. Nikasema nisubiri wamalize. Nikasubiri sana, mikono ikafa ganzi. Kila nikitaka kubisha hodi, wanacheka tena."

"Ukaweka sinia chini."

"Nilidhani watalikuta."

"Ukaondoka bila kuaga!"

"Ningeaga, wangejua kuwa niliwasikia." Alifumba macho, mkono ukitafuta kitu gizani ndani ya mnyama. "Wangeona aibu. Ni watu wako. Sikutaka waone aibu."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumpiga kwa ndoo. Mwanamume mzima ameharibu maisha yetu ili waliomcheka wasione aibu! Na saa zilikuwa zinakwenda, na hasira ndiyo iliyopata mdomo kwanza.

"Basi nikwambie ulichokifanya. Uliondoka kwenye nyumba ya watu kama mtu anayeondoka msibani. Na jioni ile ile shangazi akaanguka."

Mkono wake ulisimama. "Alianguka?"

"Moyo. Alilazwa Madurai siku mbili. Mjomba anasema wewe ndiye uliyemletea."

"Sikujua. Poongodi, mimi sikujua kama..."

"Akifa utajua! Akifa, kijiji kizima kitasema ni wewe, na mimi nitakuwa nimeolewa na mtu aliyemuua shangazi yangu kwa sinia!"

Maneno hayo yalinitoka. Niliyaona yanampata, mahali pale pale yalipolengwa, na rangi ikamtoka usoni. Laiti ningeweza kuyarudisha. Lakini bibi aliguna, ng'ombe akakoroma, na Kathir akaanza tena kuhangaika na ndama, midomo yake ikinong'ona, "Haya mama, vumilia, nimemshika mguu, vumilia."

"Saa sita wananivika maua," nilisema. Sasa nilikuwa nalia. "Nitakuwa wa Pandi. Njoo useme. Maneno mawili tu. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote, ukitaka tuishi kimya mpaka uzeeni tutaishi kimya, lakini leo sema. Mjomba, niachie. Hebu sema hapa nikusikie."

Aliufungua mdomo. Nikaona koo linapanda na kushuka. Halikutoka neno.

"Nikimaliza huyu," alisema, "nitakuja."

"Utamaliza saa ngapi?"

"Ng'ombe hana saa."

"Saa sita, Kathir! Kathiravan! Saa sita!"

"He!" bibi alishika kinywa. "Binti anamtaja mume kwa jina, tena kwa kelele! Ndiyo maana ng'ombe siku hizi wanazaa vibaya."

*

Shangazi Annakkili alikuwa amelazwa sebuleni, kwenye kitanda cha kamba chini ya saa ya ukutani, shuka limemfika kifuani. Alikuwa amepungua. Mwanamke aliyekuwa anasaga mchele na ndizi huku anatukana majirani kwa nyimbo, leo alikuwa kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nilikaa sakafuni kando yake nikiwa na sari yangu ya kijani. Alinitazama tu, akanisogezea mkono chini ya shuka nikaushika.

Mama alikaa kwenye mkeka, sinia mbele yake. Mjomba alikuwa amechana ukurasa wa siku ile kwenye kalenda na kuuweka juu ya meza ili kila mtu aone saa nzuri na saa mbaya. Pandi alikuwa ameegemea nguzo, amenyoa, amepaka mafuta, amevaa shati jipya lenye alama za mikunjo ya dukani.

"Usinune, bibi harusi," aliniambia. "Mimi angalau nikija utasikia mlango."

"Mwanzo nitasikia mdomo wako. Mlango utafuata."

"Baba, umesikia? Ndiyo maana nataka kumwoa. Nyumba haitakuwa na haja ya redio."

Saa sita kasoro robo. Nilikuwa nimekwisha kumwomba kila mungu ninayemjua jina. Ndipo ikasikika pikipiki ikizimwa nje, kisha kimya kirefu, na nikajua amesimama barazani, mahali pale pale, anameza mate. Ingia, nikasema moyoni. Ingia, nakufa.

"Hodi," ilisema sauti.

Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa hodi.

Aliingia shati limemganda mwilini, damu ya ng'ombe imekauka kwenye kiwiko. Pandi akapiga makofi. "Karibu, Bwana Kimya! Leo umeleta sinia au umeleta ng'ombe mwenyewe?"

"Nyamaza," mjomba alimwambia mwanawe. Akakaa sawa kwenye kiti, mikono juu ya magoti. "Nimesema nitakusikiliza. Nakusikiliza."

Mama aliinuka mbio, akachukua sinia, akamtia Kathir mikononi kabla hajabadili nia. Alilishika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Alitetemeka mpaka popoo zikawa zinagongana juu ya shaba, tiki, tiki, tiki. Hakuna aliyecheka safari hii. Nilimkazia macho. Mjomba, niachie. Mjomba, niachie. Kama macho yangekuwa na sauti, mji mzima ungesikia.

"Mjomba," alisema Kathir.

Moja limetoka. Bado moja.

Ndipo akageuka akamwona shangazi kitandani. Aliuona uso ulioingia ndani, midomo iliyopauka, chupa za dawa juu ya stuli. Alimtazama kwa muda mrefu kama anavyomtazama mnyama kabla ya kumgusa. Na mikono yake ikaacha kutetemeka.

"Mjomba, nisamehe," alisema. "Shangazi, nisamehe. Niliondoka hapa Jumapili kama mtu asiye na adabu. Sikujua kwamba mtu ameugua, lakini kutojua si dawa. Kama baya nililileta mimi, basi niondoke nalo mimi."

Sauti haikukatika. Ilitoka nyororo, imepangika, kila neno mahali pake. Nami nikaanza kuogopa, kwa maana niliijua sauti ile. Huitumia pale mnyama anapokuwa hana tena la kufanyiwa, anapombembeleza ili afe bila hofu.

"Poongodi ana mama mmoja na mjomba mmoja. Nikimchukua leo, ninyi mkiwa na kinyongo, nitamvunjia nyumba mbili nimpe moja. Tena ya mume aliyetumia siku tatu kujifunza kubisha hodi." Alimeza mate, mara moja tu. "Sikuja kumwomba. Nimekuja kumrudisha kwenu. Mpeni Pandi. Pandi hataacha mtu amcheke."

Hata Pandi alitoka kwenye nguzo akasimama wima. Mjomba, aliyejiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa ububu, hakuwa amejiandaa kwa hili. Kathir alisogea mbele, akainama, akaliweka sinia mikononi mwa mjomba, mikono miwili kwa mikono miwili.

"Naenda nirudi, mjomba," alisema, akatoka.

Kila kitu alikifanya sawasawa. Hodi, sinia, mikono, kuaga. Alikosea kimoja tu, na hicho kilikuwa mimi.

Nilimkimbilia barazani. Alikuwa amevaa kiatu kimoja.

"Nani alikutuma uniokoe?"

Hakunitazama.

"Nakuuliza! Nilikuomba maneno mawili, umeniletea hotuba! Miezi mitano nakusubiri ufungue mdomo, na siku unaufungua, unanigawa kama mtamba sokoni? Nani alikwambia mimi nataka nyumba mbili? Nani?"

"Wewe," alisema. "Ulisema akifa..."

"Nilisema kwa hasira!"

"Lakini nimemwona sasa." Ndipo aliponitazama, na safari hii hakuondoa macho upesi. Nilijuta kwamba nilikuwa nimewahi kulitamani tazamo refu kutoka kwake. "Poongodi, kama akifa wiki ya harusi yetu, utanipenda mpaka lini? Utanipikia, utanizalia, na kila ukiniona nimenyamaza utakumbuka. Bora unichukie leo ukiwa mbali."

"Mwoga!"

"Ndiyo," alisema, akatafuta kiatu cha pili kwa mguu, hakukiona, akaondoka na kimoja.

Nilitaka kumfuata. Nikasikia nyuma yangu sauti ya mjomba, nzito, haina furaha niliyoitegemea. "Mlete ndani, Pechi. Saa sita kasoro dakika nane."

*

Mama alinipigisha magoti kando ya kitanda, akalegeza nywele zangu kwa vidole vilivyokuwa vya baridi. Nilimwacha. Mtu akikugawa, mwili unakuwa mzigo wa watu wengine, na waubebe. Mjomba alileta maua mwenyewe, uzi mrefu wa asmini mbichi umefungwa kwenye jani la mgomba, akaufungua juu ya kifua cha shangazi. Harufu ikajaa chumba kizima. Siku nyingine ningesema ni harufu nzuri.

"Haya, Annakkili," mjomba alisema kwa upole. "Mvike mkweo."

Shangazi aliyatazama maua. Alimtazama mumewe. Alimtazama Pandi, mwanawe wa pekee, katika shati lake jipya. Kisha akanitazama mimi, na nikaona midomo yake inacheza kidogo.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Mkono hauinuki."

Mjomba alipiga goti. "Unakuuma? Pandi, piga simu kwa daktari!"

"Hauniumi. Haunisikii tu. Nauambia inuka, wenyewe umelala."

"Basi nitakushikia. Ni mara moja tu, nitaunyanyua mimi, wewe utagusa nywele."

"Ukiunyanyua wewe, ni wewe umemvika. Tangu lini mwanamume akamvika mkwe maua, Thavasi? Unataka watu waseme nini?"

"Wifi," mama alinong'ona, "labda mimi..."

"Wewe ni mama wa binti. Utamtoa mwenyewe kisha umpokee mwenyewe? Hiyo si posa, Pechi, huo ni mchezo wa watoto wa kupika michanga."

Pandi alikohoa. Ningeapa kwamba alikuwa anaficha kicheko, au kitu kinachofanana na pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mjomba alibaki amepiga goti, uzi wa asmini mkononi, anatazama saa, anamtazama mkewe, anatazama saa. Nilimwonea huruma. Alikuwa mtu mwenye nguvu, na hakukuwa na kitu chochote chumbani pale cha kutumia nguvu zile juu yake.

Saa ikagonga sita.

Mjomba aliyakunja maua katika jani lake taratibu. "Kesho, basi," alisema.

"Kesho," shangazi aliitikia, amefumba macho. "Tuone kama mkono utakuwa umeamka."

Wakati huo wote mkono wake mwingine ulikuwa chini ya shuka, umenishika. Haukuwa mkono wa mgonjwa. Ulinibana kama ulivyokuwa ukinibana zamani tulipovuka barabara ya malori kwenda sokoni, ukazidi kubana, mpaka bangili moja ya kioo ikavunjika juu ya kifundo cha mkono wangu, kwa mlio mdogo uliosikika chumba kizima.

Mjomba aligeuka mlangoni. "Nini hicho?"

"Mifupa yangu," shangazi alisema. "Nendeni mle. Wali unapoa."

Walitoka mmoja mmoja. Mama alikuwa wa mwisho, akigeuka na kugeuka. Shangazi alingoja mpaka vyombo viliposikika jikoni, ndipo akafungua jicho moja. Alinivuta kwa nguvu mpaka sikio langu likawa karibu na midomo yake iliyopauka.

"Mfuate huyo mpumbavu," alininong'oneza. "Jumapili nilimwona kupitia dirisha, amesimama na sinia lake, na nilicheka pamoja nao. Mwambie hivyo. Mwambie mimi sikufa kwa haya zake, lakini nitakufa kwa aibu yangu asiporudi kukuomba. Na afanye haraka, mama. Mkono hauwezi kuumwa milele."